Usiiachie kampuni ya bando orodha ya tovuti zako
Uwe Kirumba, Mwanza, au ndani ya kivuko cha Kamanga, kabla ya kufungua tovuti simu huuliza anwani yake kwa kampuni inayokuuzia bando, na kwa kawaida swali hilo (la DNS) huenda wazi, bila kufichwa. Wenye kulenga matangazo wanalipenda sana. Kwenye Android 9 kwenda juu ingia Mipangilio, Mtandao na intaneti, DNS ya faragha, uandike dns.quad9.net, jina la Quad9, huduma ya bure itakayojibu swali hilo kwa njia iliyofichwa. Usiweke namba yake, 9.9.9.9, pale hutakiwa jina, si namba. Wi-Fi ya gesti ikikataa kuleta ukurasa wa kuingilia, zima kwanza DNS ya faragha, ukishaingia uirudishe. Hata hivyo kampuni bado huona seva unayounganishwa nayo, na mara nyingi jina la tovuti. Matangazo yakizidi, waandikie wanaoyatuma waache kutumia taarifa zako: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inakuruhusu. Wakinyamaza, lalamika PDPC, Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi.