Namna ya kuisoma Nagona usiiachie njiani

Ukitaka kuisoma Nagona, riwaya ya Euphrase Kezilahabi, kwanza weka kando swali la "inahusu nini?" Ndilo linalowaangusha wengi. Wanaifungua wakitegemea kijana wa kijijini, safari ya mjini, mapenzi, kisha ndoa au mauti. Hazipiti kurasa nyingi, wananirudishia: "Shoga, kitabu chako hiki sikiwezi." Mimi ni fundi cherehani, nashona Ngamiani, na Nagona haikai mbali na mkono wangu. Naiazimisha sana, kwa hiyo siku hizi anayeichukua namfungia na maelekezo.

Usianze nayo. Sisi wa Tanga tunaye Shaaban Robert, mzaliwa wa Vibambani, 1909. Kusadikika yake inakuzoesha nchi isiyo na ramani: nchi nzima inaelea hewani, na Karama anajitetea mbele ya mfalme kwa visa vya wajumbe waliotumwa pande zote. Hakuna msomaji anayeuliza nchi hiyo iko wilaya gani. Ruhusa uliyompa Shaaban, mpe na Kezilahabi.

Kisha soma Kichwamaji, ya 1974. Humo bado unakanyaga ardhi: yuko Kazimoto, msomi anayejiuliza maisha yana maana gani mpaka yanamshinda. Maswali yake utayakuta tena Nagona, ila huko hayana kijiji wala chuo cha kuegemea. Riwaya zake nyingine, Dunia Uwanja wa Fujo na Gamba la Nyoka, waweza kuziruka kwa sasa. Lakini angalia miaka: Gamba la Nyoka ilitoka 1979, Nagona ikatoka 1990. Katikati hapo Kezilahabi alikwenda Marekani, akapata udaktari wake Chuo Kikuu cha Wisconsin mwaka 1985. Alikuwa na riwaya nne tayari, watu wanazisoma na kuzijadili. Angeweza kuandika ya tano kwa mtindo uleule na tungempigia makofi. Hakufanya hivyo. Kwa hilo namheshimu kuliko ninavyoweza kueleza.

Sasa Nagona yenyewe. Isome kwa sauti. Hili silo pendekezo, ndiyo njia. Sentensi zake ni fupi na maneno ni ya kawaida, hivyo kamusi haikufai kitu. Unapokwama hukukwama kwenye neno. Macho yana tabia ya kukimbilia mbele kutafuta tukio, mdomo hauwezi. Sura moja baada ya Isha, basi. Kitabu chenyewe hakifiki kurasa 100, haraka ya nini?

Shika penseli. Kila kitu kinachorudi kitilie alama pembeni: penye duara chora kiduara, penye njia piga mstari, penye kimya weka nukta. Maana usiandike, hata kama unadhani umeipata, kwa sababu ukishaiandika utaacha kutazama. Ukifika kwenye Ngoma Kuu, kule mwishoni, funua nyuma upitie alama tu, bila kusoma. Utaona jinsi zilivyokuwa zikisongeana muda wote.

Utakutana na wanafalsafa wa Ulaya humo. Usikimbilie intaneti kuwatafuta. Wasikilize kama wazee wanaobishana barazani: tega sikio, tazama nani anasikilizwa na nani anapuuzwa.

Na ukipata mtu wa kumsomea, msomee. Mjomba wangu ni mtunzi, hatoki nje ya vina na mizani. Kichomi, mashairi huru ya Kezilahabi, mpaka leo hayataji kwa wema. Nilimsomea Nagona jioni moja kahawa ikiwa mkononi. Katikati ya aya akanizuia.

"Hapo rudia."

"Mjomba, si ulisema huyu mashairi hayajui?"

"Nimekwambia rudia." Nikarudia. Akawa anagonga kidole kwenye goti, polepole. "Mizani anayo. Kaificha."

Tangu hapo kila aya ndefu naisoma nikigonga kidole, na nawaambia wengine wafanye hivyo. Pale mapigo yanapobadilika ghafla, simama. Mara nyingi ndipo safari ya msimulizi inapogeuka.

Ukiimaliza, ingia Mzingile, riwaya yake iliyofuata, ya 1991, Nagona ikiwa bado masikioni. Penseli ileile, alama zilezile. Rosa Mistika, riwaya yake ya kwanza, isome wakati wowote upendao. Na nakala yangu usinifutie alama. Zako chora ukingo wa pili.