Siku tatu za kikazi Dar es Salaam: namna ya kuzipanga kwa mtu anayetoka mkoani

Mfanyabiashara au mtumishi anayetoka Dodoma, Singida au Tabora kwenda Dar es Salaam kikazi huwa na siku mbili au tatu tu, na mara nyingi nusu ya siku hizo huishia barabarani. Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikisafiri kwenda huko kununua vifaa vya ujenzi na kufuatilia nyaraka za duka, na nimejifunza kwamba ratiba ya jiji hili haipangwi kwa kuanza na lililo muhimu zaidi, bali kwa pande za jiji: kila siku upande mmoja, na usivuke kwenda upande mwingine mpaka shughuli zote za upande ule ziishe.

Kabla ya kupanga lolote, thibitisha kwamba unayemfuata yupo Dar es Salaam. Wizara zilihamia Dodoma, nyingi zikiwa Mji wa Serikali wa Mtumba, na baadhi ya taasisi zina ofisi katika miji yote miwili huku mwenye mamlaka ya kutia sahihi akiwa katika mmoja tu. Niliwahi kusafiri kutoka Dodoma nikiwa na bahasha ya nyaraka, nikakaa kwenye benchi la ofisi moja tangu asubuhi hadi adhuhuri, kisha nikaelezwa kwa upole kwamba kitengo ninachokitafuta kiko Dodoma, mwendo mfupi tu kutoka dukani kwangu. Tangu siku hiyo sikati tiketi kabla ya kupiga simu na kuuliza mambo matatu: nani anashughulikia suala langu, anakaa jengo gani, na atakuwepo siku ninayofika. Uliza pia nyaraka zinazotakiwa na idadi ya nakala, kwa sababu kurudi mjini kutafuta mahali pa kutoa nakala kunaweza kukula saa nzima.

Miadi nayo iandikwe kwa namna isiyo na utata. Ukiambiwa kwa barua pepe kwamba kikao ni saa 3, hakikisha kama aliyeandika anahesabu kwa saa zetu au kwa saa za kizungu, hasa ukishughulika na kampuni yenye wageni. Nimezoea kuongeza neno “asubuhi” au “alasiri” na kuomba jibu la kuthibitisha.

Sasa tuje kwenye ramani, ambayo ndiyo kiini cha jambo hili. Posta na Kivukoni ni upande wa mabenki, mahakama, mawakili na ofisi kuu za makampuni. Kariakoo na Gerezani, ambazo ziko jirani, ni upande wa bidhaa. Maeneo haya manne yanaweza kuwekwa katika siku moja kwa sababu umbali kati yake ni mdogo. Barabara ya Nyerere inakupeleka Chang'ombe, Vingunguti na kwenye viwanda vilivyopangana kuelekea uwanja wa ndege, kwa hiyo anayeondoka kwa ndege afadhali aziweke shughuli za viwandani katika siku ya kuondoka. Barabara ya Ali Hassan Mwinyi inakwenda Oysterbay, Msasani, Mikocheni na Mwenge. Barabara ya Morogoro inapita Magomeni na Ubungo, zilipo ofisi za Shirika la Viwango, hadi Mbezi, kilipo kituo kikuu cha mabasi ya mikoani. Kigamboni kuna pantoni ya Magogoni na daraja lililofunguliwa mwaka 2016, lakini mtu mwenye miadi miwili siku hiyo asiweke mmoja wao ng'ambo ya maji.

Kosa ambalo wengi wetu hulifanya ni kuweka kikao Mikocheni saa 3 asubuhi, kingine Vingunguti saa 6, kisha kutaka kuwahi benki iliyopo Posta kabla haijafungwa. Kwenye karatasi ratiba hiyo inaonekana nyepesi, ilhali kwa foleni ya Dar es Salaam haitekelezeki, na hasara yake si nauli peke yake: utafika kwenye kikao cha pili umeloa jasho, umechelewa, na umekwisha kupoteza nguvu ya kujadiliana bei. Mimi sizidishi miadi miwili ya kudumu kwa siku, mmoja asubuhi na mmoja alasiri, na nafasi iliyobaki naiachia mambo yanayojitokeza.

Malazi yafuate ramani hiyo hiyo. Nyumba ya wageni ya bei nafuu Mbezi au Mbagala huonekana kama akiba, lakini atakayelala huko na kufanya kazi Posta ataamka usiku, atasimama kituoni na kurudi usiku. Kwa wanaokuja kununua bidhaa, kulala Kariakoo au karibu na Mnazi Mmoja, hata katika chumba kidogo, kuna faida kubwa kuliko tofauti ya bei. Tangu treni ya umeme ilipoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma mwezi Julai 2024, safari huchukua takriban saa nne, na stesheni iko katikati ya mji; hivyo ni vyema kusafiri jioni ya kuamkia siku ya kazi.

Kwa usafiri wa ndani, mabasi ya mwendokasi ya Barabara ya Morogoro, yaliyoanza kazi mwaka 2016, yana njia yao wenyewe kutoka Kimara hadi Kivukoni, pamoja na matawi ya Gerezani na Morocco. Asubuhi yanayoelekea mjini hujaa sana. Wakati wa masika, kati ya Machi na Mei, sikiliza taarifa za mvua kabla ya kutoka, kwa kuwa bonde la Msimbazi hujaa maji pale Jangwani na barabara hufungwa.

Ukija kununua bidhaa kwa wingi, Kariakoo inahitaji siku yake. Fika mapema, kabla mitaa haijajaa, na zunguka saa ya kwanza bila kununua chochote: uliza bei ya jumla katika maduka yasiyopungua manne, andika, kisha rudi kwa yule uliyemwamini. Usitembee na fedha taslimu nyingi. Lipa kwa benki au kwa lipa namba, yaani namba ya duka ya kupokea malipo ya simu, na kabla ya kutuma soma jina linalotokea kwenye simu uone kama ni la duka. Dai risiti ya EFD, yaani ya mashine ya kielektroniki ya kodi, yenye jina la biashara yako na namba yako ya mlipakodi, maana mzigo usio na risiti unaweza kukuletea matatizo njiani, na mhasibu wako hataweza kuutumia. Hesabu mzigo mbele ya muuzaji, ufungwe ukiwepo, na uandike idadi ya mafurushi juu ya stakabadhi ya wakala wa usafirishaji. La mwisho ambalo wengi huliruka: kaa na mwenye duka dakika kumi, mweleze unauza wapi na unauza nini. Uhusiano huo ndio utakaokuwezesha mwezi ujao kuagiza kwa simu bila kusafiri.

Ijumaa usiweke kikao kati ya saa 6 na saa 8 mchana, kwani wengi huwa msikitini. Beba shati la pili kwa ajili ya joto.

Jioni moja iwe ya kwako. Ukimaliza kazi Posta mapema, Makumbusho ya Taifa iko karibu kwa miguu, jirani na bustani ya mimea, na humo utajifunza habari za Zinjanthropus, fuvu lililogunduliwa Olduvai mwaka 1959. Ukimfahamu mtu wa biashara yako mjini, mwalike chakula cha jioni. Mengi ya kweli kuhusu bei na wasambazaji nimeyasikia mezani.

Ukirudi kwa treni, siku ya mwisho acha asubuhi nzima wazi, kwa sahihi iliyokosekana au mzigo uliochelewa. Kisha ndani ya treni, kabla ya kufika Morogoro, toa daftari uandike majina ya uliokutana nao, bei ulizopewa na tarehe ya kumpigia kila mmoja.