Kuondoa kutu ya juu kwenye Hiace ya zamani

Kagua chini ya milango na kwenye madigadi. Chokonoa kwa bisibisi: bati likitoboka, hiyo ni kazi ya kuchomelea, si ya msasa.

Sugua kwa brashi ya waya, kisha msasa namba 80 hadi chuma king'ae, ukivuka ukingo wa kutu kwa sentimita 3. Vidoa vyeusi vilivyobaki vipake asidi ya fosforiki (vaa glavu), osha, kausha kabisa. Malizia kwa 180 mpaka kidole kisisikie ukingo wa rangi ya zamani, ufute kwa thina.

Piga praima ya epoksi (rangi ya kwanza ya kukinga chuma) mikono miwili, yaani matabaka mawili, siku hiyohiyo. Hewa ya Pwani haingoji kesho. Ikikauka, msasa 400, kisha rangi mikono mitatu myepesi. Mkono mzito huchuruzika. Zibua pia vitundu vya kutolea maji chini ya mlango, la sivyo kutu itarudi kutoka ndani.