Kubadili futi, maili, ratili na galoni kuwa vipimo vya metriki

Wengi wanaokosa maswali haya namba wanazijua. Kinachowatatiza ni kuamua: nizidishe au nigawanye? Ukiandika kizio kando ya kila namba, vizio vyenyewe vitakuamulia.

Namba za kukariri ni chache. Mwaka 1959 Marekani, Uingereza na nchi nyingine nne zilikubaliana kwamba yadi 1 ni mita 0.9144, na hapo ndipo inchi 1 inapopata sentimita 2.54 kamili, bila makadirio. Futi 1 ina inchi 12, yaani sentimita 30.48. Maili 1 ina yadi 1,760, yaani kilomita 1.609344. Ratili 1 (paundi) ina aunsi 16. Kwa kazi za shule, kilogramu 0.4536 inatosha.

Sasa tuseme swali linataka maili 60 kwa saa ziwe mita kwa sekunde. Andika hivi:

(maili 60 ÷ saa 1) × (mita 1,609.344 ÷ maili 1) × (saa 1 ÷ sekunde 3,600)

Maili ya juu inakatana na ya chini, saa na saa. Juu imebaki mita, chini sekunde, ndicho kilichoulizwa. Jibu: 60 × 1,609.344 ÷ 3,600 = 26.8224, au mita 26.8 kwa sekunde. Ungeigeuza sehemu ya katikati juu chini, ungebaki na maili mara maili juu na mita chini. Vizio vya ajabu namna hiyo vikitokea, usiguse kikokotoo. Rudi ugeuze sehemu kwanza.

Futi na inchi zikichanganyika, tahadhari. Futi 5 na inchi 7 si futi 5.7, kwa sababu futi haigawanyiki kwa kumi. Peleka zote kwenye inchi: 5 × 12 + 7 = 67, kisha 67 × 2.54 = sentimita 170.18. Aliyeandika 5.7 × 30.48 atapata 173.7, amekosea kwa zaidi ya sentimita 3. Kurudi nyuma mtego ni uleule: sentimita 180 ÷ 30.48 = futi 5.9055, na wengi hukimbilia kuandika futi 5 na inchi 9. Chukua desimali peke yake, 0.9055 × 12 = 10.87, jibu ni futi 5 na inchi 11 kwa makadirio.

Eneo ndilo linaloangusha hata wanaojiweza. Chumba cha futi 10 kwa 15 kina futi za mraba 150. Ukizidisha 150 kwa 0.3048 mara moja tu, unapata 45.72, namba isiyo na maana yoyote. Futi imezidishwa kwa futi, kwa hiyo 0.3048 nayo izidishwe mara mbili: 150 × 0.3048 × 0.3048 = mita za mraba 13.94. Kwa ujazo, zidisha mara tatu. Ukitaka kuhakiki, badili pande kwanza: 3.048 × 4.572 inaleta 13.94 ileile.

Kwenye galoni, soma swali vizuri. Galoni ya Uingereza ni lita 4.546, ya Marekani ni lita 3.785. Galoni 10 zinatofautiana kwa zaidi ya lita 7, kwa hiyo andika kwenye jibu lako umetumia ipi.

Kukadiria kuje mwisho kabisa. Maili 26.2 kwa 1.6 zinatoa kilomita 41.92, kwa 1.609344 zinatoa 42.16. Robo kilomita imepotea kwa uvivu wa desimali.

Jotoridi lina utaratibu wake, kwa kuwa sifuri ya Farenhaiti na ya Selsiasi hazianzii mahali pamoja. Toa 32 kwanza, kisha zidisha kwa 5 na ugawanye kwa 9: 98.6 − 32 = 66.6, na 66.6 × 5 ÷ 9 = 37. Lakini swali likisema joto *limepanda kwa* nyuzi 18 za Farenhaiti, usitoe 32. Hiyo ni tofauti kati ya joto mbili na 32 imeshajifuta yenyewe, kwa hiyo 18 × 5 ÷ 9 = nyuzi 10 za Selsiasi.