Semina ya ufundishaji jumuishi: wabadilishane karatasi za kazi

Ukiandaa semina ya wahadhiri kuhusu ufundishaji jumuishi, yaani unaomfikia kila mwanafunzi, punguza slaidi. Kila mmoja aje na karatasi ya kazi atakayowapa wanafunzi muhula huu, abadilishane na mhadhiri wa idara nyingine kabisa. Msomaji aseme kwa sauti angeanza wapi na anadhani alama zitatolewa kwa kuangalia nini. Mwenye karatasi anyamaze, aandike tu. Mhandisi akipewa kazi ya historia inayosema "changanua chanzo hiki" atauliza: nieleze kilichoandikwa, au nihoji aliyekiandika? Hapo ndipo pengo linapoonekana. Mwanafunzi ambaye wazazi wake walisoma chuo huenda akaelekezwa nyumbani. Wa kwanza kufika chuo katika ukoo wake anabaki kubahatisha, kisha tunamwita mvivu. Baada ya hapo karatasi iandikwe upya ikitaja lengo, hatua na vigezo vya kusahihisha. Muundo huu wa sehemu tatu ni wa Mary-Ann Winkelmes, mtafiti wa ufundishaji wa vyuo vikuu wa Marekani. Utafiti wake na wenzake wa mwaka 2016 uliona wanafunzi wakipata faida hata kwa kazi mbili tu zilizoboreshwa hivyo, na wa kwanza kufika chuo katika familia zao, wa kipato cha chini na wa makundi yenye uwakilishi mdogo walinufaika zaidi.

Haifanyi kazi wakibadilishana watu wa idara moja, maana wanaelewana bila kuambizana. Usimpange mtu na mkuu wake pia, atasifia tu. Na haitibu dharau ya mhadhiri darasani. Hiyo inahitaji mtu aingie kipindini kumwangalia akifundisha.