Jinsi ya Kuchunguza Maua na Matunda ya Mwaloni

Anayetaka kuufahamu mwaloni sharti aufuatilie kwa misimu miwili, kwa sababu tunda linaloonekana leo huenda lilianza kama ua mwaka uliopita. Chagua tawi moja linalofikika kwa mkono, na uwe na lenzi ya kukuzia pamoja na uzi wa rangi.

Anza majira ya kuchipua, majani yakiwa bado madogo na laini. Maua ya kiume huonekana bila taabu, kwani ni vishada vyembamba vya rangi ya kijani na njano vinavyoning'inia, na ukivigusa siku kavu hutoa vumbi la chavua ambalo husafirishwa na upepo. Ua la kike, kinyume chake, huwapita wengi bila kulitambua: ni dogo kama kichwa cha pini, mara nyingi lenye wekundu kidogo, na hukaa pale jani jipya linapoungana na kijiti chake. Ukilipata, funga uzi karibu nalo, bila kukaza.

Kabla ya kuendelea, tambua kundi la mti wako. Kwa kawaida majani ya mialoni myeupe yana ncha za mviringo, ilhali ya mialoni myekundu huishia kwa vijinywele vigumu. Tofauti hii ina uzito, kwa kuwa katika mwaloni mweupe utungisho, yaani muungano wa mbegu za kiume na za kike, hufuata wiki chache baada ya uchavushaji, yaani chavua kufika kwenye ua la kike, na tunda hukomaa mwaka uleule. Katika mialoni myekundu iliyo mingi, chavua hufika lakini utungisho husubiri takriban mwaka mzima, na tunda hukomaa katika msimu wa pili. Ndiyo maana katikati ya kiangazi unaweza kukuta vizazi viwili kwenye tawi moja la mwaloni mwekundu: vitunda vichanga kwenye kijiti kipya, na matunda yanayonenepa kwenye kijiti cha mwaka jana. Basi mwaloni mwekundu usipozaa, usiharakishe kulaumu hali ya hewa ya mwaka huu. Huenda maua yaliunguzwa na jalidi ya mwaka uliotangulia.

Majani yanapoanza kupukutika, okota matunda kadhaa na uyatumbukize katika maji. Yanayoelea mara nyingi yamekauka au yameliwa ndani na mabuu ya fukusi. Pasua lililozama: ovari, yaani sehemu ya ua inayogeuka kuwa tunda, ilikuwa na ovuli 6 (vijiyai vinavyoweza kuwa mbegu), na kwa kawaida 1 tu ndiyo imekuwa mbegu. Mabaki ya zile nyingine ni vidoa vidogo, ambavyo katika mwaloni mweupe hukaa upande wa kikombe (ganda linaloshika kitako cha tunda), na katika mwekundu hukaa upande wa ncha.

Hesabu mazao ya tawi lako kila mwaka. Utaona miaka ya neema na miaka mitupu, na mara nyingi miti ya eneo zima hukubaliana. Wanyama waliopungua katika miaka ya uhaba hushindwa kuyamaliza matunda mti unapozaa kwa wingi, hivyo baadhi ya mbegu husalimika.

Ukitaka kupanda, mbegu za mwaloni mweupe zizike mara moja, kwani hutoa mzizi muda mfupi baada ya kuanguka. Za mwekundu zihifadhi penye baridi na unyevu hadi majira ya kuchipua.