Majani ya gloriosa yakiwa manjano, weka ndoo chini

Kila mwaka mvua zikikaribia kwisha, kuanzia Machi, swali ni lile lile hapa Lubumbashi, kutoka Katuba hadi Ruashi: gloriosa, lile ua la kutambaa linaloota kutoka kwenye kiazi, ilichanua vizuri, sasa majani yamekuwa manjano, je, tuongeze maji kiasi gani? Msiongeze hata kopo moja. Kwa bahati mbaya wengi huuliza wakiwa wameshamwagilia kila jioni, na ukifukua unakuta kiazi kimekuwa uji unaonuka.

Ua lenyewe mnalijua, ni la misitu yetu ya miombo, sitalieleza zaidi. Ninachotaka kieleweke ni kiangazi chake. Hapa Lubumbashi mvua husimama Aprili na kwa kawaida hairudi mpaka Oktoba. Miezi hiyo yote gloriosa hulala. Kile kiazi mlichopanda kimeshamaliza kazi na kusinyaa, na mmea umetengeneza vingine vipya kando yake. Majani yanageuka manjano kwa sababu chakula chake kinashuka kwenye viazi hivyo. Kiazi kilicholala hakina majani ya kutumia maji unayokipa, kwa hiyo maji yanabaki udongoni, kuvu inaingia, na baridi ya usiku wa Juni na Julai inamalizia, maana udongo uliolowa wakati huo haukauki upesi.

Kwa hiyo nusu ya majani ikishakuwa manjano, acha kumwagilia. Nasema acha, sisemi punguza. Shina usilikate likiwa bado na rangi ya kijani, hata kama linaharibu sura ya lupango, yaani uwanja wa nyumba. Likikauka kabisa, likate ubakize sm 5 juu ya ardhi ili ujue kiazi kiko wapi, kisha funika kwa majani makavu.

Hasara kubwa zaidi iko kwa wale waliopanda gloriosa pembeni ya tuta la lengalenga (mchicha). Mboga inataka maji kiangazi chote, nanyi mnaipa, ni haki yake. Lakini kiazi kilicho kando yake kinakunywa kwa lazima. Hapo hakuna dawa ila kung'oa viazi mwezi wa Mei. Anza kuchimba sm 25 kutoka kwenye shina, umalizie kwa vidole. Kiazi kina umbo la V, na jicho liko kwenye ncha ya kila mkono, moja tu. Likivunjika, mkono huo hautachipua tena, utupe. Mama anayechimba kwa jembe kubwa kwa sababu ana haraka atapata vipande vizuri vya kutazama, basi. Weka viazi kwenye sanduku la mchanga mkavu, mahali pasipopigwa na jua. Mfuko wa plastiki unatoa jasho. Ni sawa na kuviacha kwenye tuta la mboga.

Kupanda ni katikati ya Novemba. Mvua moja ya mwanzo wa Oktoba isiwadanganye. Chomeka kijiti: kama udongo umelowa hadi sm 20, panda. Kiazi kikichipua sandukuni kabla ya hapo, wewe panda tu, lowesha mara moja, kisha usubiri mvua. Kilaze ubavu, kina cha sm 8, sm 30 kati ya kiazi na kiazi, juu ya tuta lililoinuka sm 20. Udongo wa kichuguu tunausifu kwa mahindi, lakini hapa uacheni: ni mfinyanzi, unashika maji. Changanya sehemu mbili za udongo wenye majani yaliyooza na sehemu moja ya mchanga. Vijiti vya kutegemeza mmea viwe vya mita 2, vyembamba, kwa sababu mmea hujishika kwa ncha za majani yake, nazo haziwezi kuzunguka nguzo nene. Wa kwenye chungu ni yale yale, ila hakikisha chungu kina matundu, na kiangazi kikianza kisogezeni chini ya paa.

Ukiona chipukizi mbili kwa kila kiazi, mwaka wako umekwenda vizuri.

Jambo la mwisho silisemi kwa utani. Mmea wote ni sumu, na kiazi ndicho kibaya zaidi. Sumu yake inaitwa kolkisini. Kuna watu wameshakufa katika nchi nyingine kwa kupika viazi hivi wakidhani ni viazi vya kawaida. Sanduku lako lisikae jikoni wala karibu na viazi vitamu, hata siku moja. Liandike SUMU kwa makala, yaani mkaa, liweke juu ambapo mtoto hafiki. Nawa mikono baada ya kuvishika, na mbuzi asifungwe karibu. Mtu akila, kutapika na kuhara huenda kusianze mpaka saa kadhaa zipite. Msingoje dalili, mpelekeni hospitali saa ile ile, pamoja na kipande cha kiazi ili daktari akione.